Kerezo halipimwi kwa kilo

Sauti ya chuma cha kumwaga, kile kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, kinapovunjwa kwa nyundo haifanani na sauti ya chuma kingine chochote. Nondo ukiipiga inalia na kuendelea kulia. Bamba linanguruma kama ngoma. Chuma cha kumwaga hutoa mlio mmoja mzito, wa pili, wa tatu, kisha kinapasuka ghafla kama chungu. Mlio huo ndio ulionisimamisha siku moja katika yadi ya vyuma chakavu hapa Dar es Salaam. Vijana wawili, mmoja kifua wazi, walikuwa wanavunja bedi ya kerezo, yaani mashine ya kukereza, inayozungusha chuma ili kisu kikichonge; bedi ni ule mwili mrefu wa chini ambao kila kitu kingine hufungwa juu yake. Mota ilikuwa imeshaondolewa, giaboksi nayo haipo. Lakini zile njia mbili za juu, zilizosuguliwa kiwandani kwa usahihi wa unywele ili kibeba kisu kiteleze bila kuyumba, zilikuwa bado zinang'aa chini ya grisi kavu.

Nilikuwa nimeongozana na fundi wangu wa mtaa wa Gerezani, hapa hapa Dar, mzee aliyenipita miaka mingi. Tulikwenda kutafuta ekseli. Akamwuliza yule kijana kwa nini wanaivunja.

"Mzee wangu, nzima haipakiki kwenye gari. Na kule kiwandani wanaangalia kilo tu."

Mzee hakubishana naye. Aliinama, akapitisha kidole juu ya njia ile iliyong'aa, akasema kwa sauti ya chini, kama anayezungumza na mashine yenyewe: "Hii ingezaa watoto." Nilielewa alichomaanisha, na ndicho ninachotaka kukieleza hapa. Mashine ya kukereza ndiyo mashine inayotengeneza mashine nyingine. Tulikuwa tunatazama mama mzazi wa karakana akikatwa vipande ili akawe nondo.

Tunapozungumza juu ya vyuma chakavu hapa nchini, mazungumzo huwa ni mawili tu. La kwanza ni uchafu na wizi: nani ameng'oa kibao cha barabarani, nani ameiba nyaya. La pili ni viwanda: tani ngapi zimeyeyushwa, nondo ngapi zimetoka. Yote mawili ni ya haki, lakini yote mawili yanaona uzito peke yake. Mafundi wetu wanaona kitu kingine, na nadhani wao ndio wanaoona sawasawa.

Chukua shafti ya difu ya Toyota Hiace. Kwa macho ni fimbo nene ya chuma yenye meno upande mmoja. Lakini chuma hicho kilichaguliwa, kikachanganywa na madini mengine, kikapashwa moto na kupozwa kwa utaratibu, ili kistahimili msokoto kila dereva anapoachia klachi, maelfu kwa maelfu ya kilomita, bila kukatika. Springi za bapa za lori ni hivyo hivyo. Zina kaboni ya takriban asilimia 0.6, ndiyo maana wahunzi wetu wakiipata springi ya Land Rover hawaiachi: humo wanatoa panga, shoka, patasi, kisu cha kuchinjia. Gololi na vikombe vya beringi vina kaboni inayokaribia asilimia 1 na kromu ya asilimia 1.5 hivi, chuma kigumu ambacho tupa ya kawaida inateleza juu yake bila kukikwangua. Nondo ya nyumba haihitaji sifa hizo. Ukivitia vyote kwenye tanuru moja, pamoja na mabati na fremu za vitanda, ule uchaguzi wote wa mtaalamu wa Japani umefutika. Kilichobaki ni uzito.

Sisemi tusiyeyushe. Tunajenga, na nondo tunazihitaji. Ninachosema ni kwamba kuna utaratibu wa kuchagua kabla ya kuyeyusha, na mtu anayejua kuchagua yupo, tena yuko karibu. Kinachokosekana ni wa kumfungulia geti.

Mzee wangu hana cheti cha metali. Ana grinda. Akitaka kujua chuma alichokiokota ni cha aina gani, anakigusisha kwenye jiwe linalozunguka na kutazama cheche kwa jicho moja, kichwa amekiinamisha ili kivuli cha kofia kifanye giza. Chuma laini, kile cha mabamba na engo za kawaida, hutoa mistari mirefu ya manjano inayokwenda moja kwa moja na kupasuka mara chache. Springi na patasi hutoa cheche nyingi zinazopasuka mwishoni kama nyota ndogo. Kadiri kaboni inavyozidi ndivyo nyota zinavyosongamana. Chuma cha kumwaga kina cheche fupi, nyekundu, zenye kuchoka mapema. Na kile chuma cha visu vya kukerezea, kinachoweza kukata kikiwa kimewaka wekundu, kinatoa cheche chache zilizofifia, rangi ya chungwa iliyoiva sana. Nimesimama pembeni yake saa nzima akinifundisha, nami nikakosea vipande vitatu kati ya vitano. Yeye hakukosea hata kimoja. Maabara za vyuma duniani zimeutumia mtihani huu huu kwa zaidi ya karne. Kwetu tunauita ujanja wa mtaani.

Hapo ndipo ninapopata kero na namna tunavyowasifu mafundi hawa.

Kila baada ya muda inatokea habari kwamba kijana fulani mkoani ametengeneza gari, au ndege, kwa vyuma chakavu. Picha zinasambaa. Kiongozi anafika, anakaa kwenye usukani, anapigwa picha, anaahidi. Ninampenda kijana yule kwa dhati. Ukweli kwamba ameweza kufanya injini ya pikipiki izungushe magurudumu manne, na stelingi ikakubali, ni kazi ya akili na uvumilivu. Lakini ukirudi mwaka mmoja baadaye, mara nyingi gari lile liko nyuma ya nyumba, kuku wametaga kwenye kiti. Na sababu si kwamba kijana hana akili. Tulimshangilia kwa kitu ambacho soko, sheria na fizikia vyote vilikuwa vinakipinga tangu siku ya kwanza.

Soko kwanza. Gari lake linashindana na Toyota ya mtumba iliyoshushwa bandarini, iliyotoka kiwanda kilichokwisha kutengeneza mamilioni ya mfano huo huo. Kila boliti ya gari lile imeshakosewa na kurekebishwa na watu wengi kabla haijafika kwetu. La kijana ni la kwanza na la mwisho. Hata akilitengeneza bure, spea zake hazipo, kwa sababu hakuna la pili lake.

Wakenya walilijua hili kwa njia ya gharama. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi aliutaka Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la nyumbani. Wahandisi walifanya kazi kweli, na mwaka 1990 magari matano ya mfano yaliyoitwa Nyayo Pioneer yakaoneshwa hadharani. Yalitembea. Lakini kutoka magari matano hadi kiwanda ni safari ya fedha nyingi mno, na haikuendelezwa. Watu wengi wanaishia hapo wanapoisimulia hadithi hii, wakitikisa kichwa. Mimi huvutiwa na kilichofuata: shirika lililoanzishwa kwa ajili ya gari lile likabadilishwa jina, likawa Numerical Machining Complex, karakana ya kukereza na kukata vipuri vya chuma kwa ajili ya viwanda vingine. Gari lilikufa, zana zikaendelea kufanya kazi. Kama ningekuwa mshauri wa mtu yeyote, ningemwambia aanze na kile kilichobaki.

Na sisi Watanzania hatuna haki ya kujifanya hatukulijua. Wachina walipokuwa wakijenga reli ya TAZARA, walikuwa na karakana kubwa kule Mang'ula, Morogoro, na reli ilipokwisha ikabaki mikononi mwetu kama kiwanda cha zana na vipuri. Wilayani Hai, Kilimanjaro, tulijengewa kwa msaada wa Bulgaria kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools, ambacho kazi yake ilikuwa kutengeneza mashine za kutengenezea: makerezo, mashine za mbao, na mengineyo. Yaani kuna wakati nchi hii ilikubali, kwa vitendo na kwa fedha, kwamba zana ndiyo mama. Baadaye ukaja ukame mrefu wa viwanda. Hai kumekuwa na juhudi za kukifufua kiwanda kile kupitia Shirika la Maendeleo la Taifa, na ninazitakia heri. Lakini kati ya kiwanda kikubwa kilicholala na fundi wa Gerezani mwenye grinda moja, katikati hapana kitu. Pengo hilo ndilo linalokwenda kuvunjwa kwa nyundo kule yadi.

Nirudi kwenye vyombo vya usafiri, maana kuna vilivyofaulu kabisa, ila havipigwi picha. Guta la Kariakoo ni mojawapo. Mbele ni baiskeli, nyuma ni jukwaa la engo na bomba juu ya magurudumu mawili, mnyororo umeongezwa urefu, breki imebuniwa na fundi mwenyewe. Limebeba magunia, mabomba, friji, majeneza. Usukumani kuna mkokoteni wa ng'ombe wenye ekseli ya gari bovu na matairi yake ya mpira. Kabla ya hapo lilikuwa gurudumu la mbao au mgongo wa mtu, na mara nyingi mgongo huo ulikuwa wa mwanamke. Na ukienda mpaka Goma, mashariki mwa Kongo kando ya ziwa Kivu, kuna chukudu: mbao za mkalitusi, magurudumu ya mbao yaliyovishwa ukanda wa tairi kuukuu, beringi za mtumba katikati, na kijana amepiga goti moja juu yake akishuka mlima na mzigo wa viazi au makaa. Mji ule umekiheshimu chombo hicho kiasi cha kukijengea sanamu kwenye mzunguko wa barabara. Sijaona guta likijengewa sanamu Kariakoo, na lingestahili.

Kwa nini hivi vimeishi na magari ya picha yamekufa? Mwendo. Nishati ya chombo kinachotembea inaongezeka kwa mraba wa kasi yake: ukizidisha kasi mara mbili, breki ina kazi mara nne; ukizidisha mara tatu, kazi mara tisa. Guta linalokwenda kwa mwendo wa mtu anayekimbia linasamehe kosa la fundi. Weld ikiachia, mzigo unaanguka, watu wanacheka au wanagombana, fundi anaitwa, jioni kazi inaendelea. Lakini sasa naona maguta yanafungwa injini ya pikipiki, na jukwaa ni lile lile, ekseli ile ile, breki ile ile ya kukanyagia mpira kwenye tairi. Hili linanitia hofu kweli. Chombo kimehama daraja bila mtu kukihamisha. Anayekiendesha anadhani ameongeza injini. Kumbe amezidisha kila kitu kinachohitaji kusimamishwa.

Mimi mwenyewe nimeonja. Miaka kadhaa iliyopita nilitengenezewa trela dogo la kuvutwa na pikipiki kwa ajili ya shamba letu la Mkuranga. Kazi ilikuwa nzuri kwa macho, weld zimelala kama magamba ya samaki. Kiungo cha kuvutia kilitengenezwa kwa kipande cha springi, kwa sababu sote tulijua springi ni chuma kigumu na tukadhani kigumu ndiyo imara. Wiki ya pili, mdogo wangu akiwa kwenye mteremko na mzigo wa nazi, kiungo kikakatika. Trela likaingia mtaroni, pikipiki ikamtupa, akavunjika mfupa wa bega. Nilikiokota kile kipande. Hakikukatika kwenye weld, kilikatika kando yake kidogo, na uso wa mpasuko ulikuwa wa kijivu wenye chembechembe zinazometameta kama chumvi. Mzee wa Gerezani alipokitazama alijua mara moja. Springi ukiichomelea ikiwa baridi, sehemu iliyo kando ya weld inapashwa kwa ghafla na kupozwa kwa ghafla na chuma baridi kinachoizunguka. Inageuka ngumu kama kioo, na kama kioo inapasuka. Ilipaswa kupashwa moto kwanza, ipoe polepole kwenye majivu, au bora zaidi, pasitumike springi kabisa bali bamba laini nene. Fundi aliyetutengenezea hakuwa mzembe. Hakuna aliyewahi kumwambia. Simlaumu mpaka leo, na mdogo wangu naye hamlaumu, ingawa mkono hauinuki vizuri akitaka kuangua embe.

Kwa hiyo ninaposema fundi wetu ni hodari, sisemi hahitaji kitu. Anahitaji vitu viwili: zana iliyo sahihi kuliko mkono wake, na mtu wa kuikagua kazi yake kabla haijaingia barabarani.

Zana. Nikueleze presi ya mzee, yaani fremu yenye jeki ya kusukumia beringi. Karakanani kwake zamani beringi zilikuwa zinatolewa na kuingizwa kwa nyundo na kipande cha bomba. Kila pigo linaacha alama ndogo ndani ya njia ya gololi, na beringi mpya inaanza kuunguruma kabla ya mwezi kwisha. Akaamua kutengeneza presi. Nguzo mbili ni chaneli za trela lililopinduka. Alizilaza sakafuni, akapima kutoka kona hii mpaka kona ile kwa kamba isiyovutika, kisha kona nyingine mpaka nyingine, akagongagonga mpaka kamba zote mbili zikalingana; hapo alijua kona za fremu yake ni pembe mraba bila kuwa na kipimo cha pembe. Pini za kushikilia meza ni vipande vya shafti ya difu, kwa sababu alitaka kitu kisichokatika. Jeki ni ya chupa, tani 20, ya lori. Springi za kuirudisha jeki juu alizitoa kwenye stendi za pikipiki. Siku tatu za kazi. Tangu hapo mafundi wa mtaa ule wote wanamletea habu na bushi zao. Hawaji kwa sababu ni rafiki yao. Wanakuja kwa sababu beringi iliyoingizwa pale inakaa. Kifaa kimoja kimeinua ubora wa kazi ya karakana labda kumi na mbili, na hakuna aliyekuja kupiga nacho picha.

Presi haihitaji usahihi mkubwa. Kerezo linauhitaji, na hapo ndipo wengi husema haiwezekani. Inawezekana. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, viwanda vilipokosa makerezo ya kukata makombora, Mmarekani Lucien Yeomans aliyatengeneza kwa kumwaga zege: mwili wa mashine ni zege, chuma kimewekwa pale tu panapohitaji chuma. Miongo mingi baadaye Mmarekani mwingine, Pat Delany, akiwafikiria hasa mafundi wa nchi kama zetu, alibuni mashine ya kukereza na kutoboa inayoanza na bloku ya injini ya gari iliyokufa. Wazo lake ni zuri mpaka linafurahisha. Tundu la silinda limechimbwa kiwandani likiwa wima kabisa juu ya uso wa bloku, kwa usahihi ambao karakana ya mtaani isingeweza kuufikia. Basi usihangaike kuutengeneza usahihi huo. Uazime kwa mtu aliyeshaulipia. Pitisha mhimili wako ndani ya silinda, na kazi ngumu kuliko zote umekuta imeshafanywa, imelala kwenye majani nyuma ya gereji ikinyeshewa mvua.

Huko ndiko kunakoitwa kusoma chuma. Kila kipande kilichotoka kiwandani kimebeba usahihi wa kiwanda kile: uso wa flaiwili uko bapa, habu inazunguka bila kuyumba, skrubu ya jeki ina hatua sawa mwanzo hadi mwisho. Fundi anayejua hilo hakusanyi vyuma, anakusanya vipimo.

Kumasi, Ghana, wamelipita somo hili kwa mbali. Eneo la Suame Magazine ni mji mzima wa mafundi wa magari. Chuo kikuu cha pale, kupitia kituo chake cha ushauri wa teknolojia, kilifungua karakana katikati ya Suame mwaka 1980, kikawaweka mafundi karibu na makerezo na mashine za kusaga chuma, nyingi zikiwa za mtumba kutoka Uingereza. Waliwapa uwezo wa kukata gia na kukereza shafti wenyewe, kisha wakawaacha wafanye biashara. Ni baadaye sana, mwaka 2013, ndipo mafundi wa pale walipotoa gari lao la mfano, Turtle 1. Zana zilitangulia kwa miaka zaidi ya thelathini.

Sasa ukaguzi. Kwetu usajili wa chombo unaanza na namba ya chesisi. Chombo kilichotengenezwa mtaani hakina, na kisicho na namba hakina bima, na kisicho na bima kikimgonga mtu, mtu yule ameumia peke yake. Jibu rahisi ni kukipiga marufuku. Uingereza kwa miaka mingi walilitatua kwa alama: gari lililobadilishwa sana lilihesabiwa vipande vyake vya asili, chesisi alama 5, kisha springi, ekseli, giaboksi na stelingi alama 2 kila kimoja, na injini alama 1 tu. Lisilofikisha 8 lilipelekwa kukaguliwa moja moja, na likipita likapewa namba inayoanza na herufi Q, ili kila atakayelinunua ajue historia yake. Tazama injini ilivyopewa alama 1. Kwetu mtu akifunga injini anasema gari limekwisha. Kwao stelingi na ekseli zilihesabiwa zaidi ya injini. Hatuhitaji kuiga jedwali lao. Tunaweza kuwa na letu: chombo cha mwendo usiozidi kiwango fulani, mzigo fulani, njia fulani, kikaguliwe breki, stelingi na viungo vya kuvutia, kipewe namba yake. Guta la injini lingekuwa la kwanza kwenye foleni, na ningelala vizuri zaidi.

Tumeshafanya nusu ya kazi bila kujua. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa urasimishaji wa ujuzi, ambapo fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa na kupewa cheti. Ni jambo kubwa. Nimewaona wazee wakikitundika cheti hicho ukutani karibu na picha ya ndoa. Lakini mtu ametambuliwa, kazi ya mikono yake bado. Fundi mwenye cheti anatengeneza trela lisilo na cheti.

Na geti la yadi. Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuanguka na Kenya kubaki gizani, Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara yote ya vyuma chakavu mpaka utaratibu mpya uwekwe. Ikafunguliwa tena Mei mwaka huo kwa masharti. Naelewa hasira ile, maana anayekata chuma cha nguzo ya umeme anaweza kumuua mgonjwa aliyeko chumba cha upasuaji. Lakini fikiria fundi wa jua kali, yaani wa karakana za mtaani, pale Kamukunji, Nairobi, ambaye bamba la jiko lake linatoka kwenye mapipa na mabaki. Marufuku ya namna ile humpiga yeye sawasawa na mwizi, kwa sababu sheria inaona uzito, haioni kitu. Mwizi anauza waya na nguzo zilizokatwakatwa. Fundi ananunua kitu kizima: difu, habu, bloku, bedi ya kerezo. Daftari moja la yadi linaweza kuwatenganisha: kilichoingia, kimetoka kwa nani, na siku kadhaa za kukiweka kipande kizima pembeni ili fundi aliyeandikishwa SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, apite achague, akilipa zaidi ya bei ya kilo. Mwenye yadi anafaidika, kwa sababu bedi ya kerezo kwa fundi ina thamani kuliko nondo zitakazotoka humo. Polisi wanafaidika, kwa sababu kitu kizima kina namba na sura, hakifichiki.

Siku ile yadini hatukuiokoa bedi. Ilikuwa imeshapasuka vipande vinne. Mzee alizunguka nyuma ya rundo, akarudi na chaki, ile sehemu yenye taya tatu za kushikia chuma kinachokerezwa, imejaa kutu lakini taya zinafunguka. Kijana akaiweka kwenye mzani, akasoma kilo, akataja bei. Mzee akalipa bila kuomba punguzo, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya mahali pengine.

Chaki hiyo sasa imefungwa kwenye habu ya nyuma ya Isuzu, inazungushwa na mota ya mashine ya kusagia nafaka kwa mkanda. Haiyumbi, nimeweka ncha ya msumari karibu nayo ikizunguka na mwanya haukubadilika. Mhimili upo. Kilichobaki ni bedi, kitu kirefu, kizito, kilichonyooka kweli kweli, urefu wa mita moja na nusu. Kila Jumamosi asubuhi mzee anapita kwenye yadi nne, amebeba rula ya chuma na uzi mfukoni, na ameshawapa vijana wote namba yake ya simu ili wampigie kabla hawajainua nyundo.